Kufufua au kupima kilo: kisa cha Land Rover 109 ya Pangani

Mama mmoja wa Pangani alinipigia simu Jumanne asubuhi. Tukajuliana hali, akaniuliza wa nyumbani, kisha akaingia kwenye jambo lake: "Fundi, nina gari la marehemu hapa uani. Mwanangu anataka kulifufua. Shemeji yangu anasema liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, tupate chochote. Wewe njoo ulitazame, halafu uniambie ukweli. Usinifiche." Nikamuuliza ni gari gani. Land Rover 109, lile refu, akasema, limekaa chini ya mti wa mkungu tangu mwaka 2013. Nikauliza nyumba iko upande gani. Hatua chache tu kutoka mtoni, karibu na pale mto unapoingia baharini.

Niliposikia hivyo nikaacha sanduku kubwa la spana, nikachukua nyundo ndogo, bisibisi bapa kuukuu, tochi, futi ya chuma na kipande cha turubai cha kulalia.

Kazi yangu ni bodi na kuchomelea, hapa Tanga mjini, na swali la huyu mama naulizwa karibu kila mwezi. Mara nyingi mtu anakuja akiwa ameshajibiwa. Mmoja kamwambia "magari ya zamani ni chuma, hayafi," mwingine kamwambia "achana na mzigo huo." Wote wawili walilitazama gari wakiwa wamesimama. Gari lenye kutu linapimwa mtu akiwa amelala chali, ndiyo maana nakieleza kisa hiki kwa urefu.

Juu kulikuwa kuzuri

Kijana alinipokea uani, akanipa shikamoo, akanishika mkono hadi kwenye gari. Ana miaka 26 na anaongoza wageni. Mpango wake ulikuwa kuvuka na watalii kwa pantoni hadi Bweni, kisha kuwateremsha pwani kuelekea Saadani, na alitaka wapande gari la baba yake. Alikuwa amelifyagia majani na kuliosha. Rangi ya kijani ilikuwa imepauka hadi kufanana na majivu, turubai la nyuma lilikuwa limechanika, lakini boneti, mabawa ya mbele, milango na lile sanduku la mizigo vilikuwa vimenyooka. Alipiga bawa kwa kiganja. "Ona, fundi. Hakuna tundu hata moja."

Alisema kweli, na hiyo kweli ndiyo iliyokuwa inampotosha. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, ndipo kampuni ya Rover pale Solihull ikatumia aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Desturi hiyo iliendelea hadi Series III, aina ya gari hili, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. La marehemu ni la mwaka 1978. Alumini haishiki kutu ile nyekundu, kwa hiyo bawa la Land Rover linaweza kung'aa huku gari lenyewe limeshakwisha. Katika magari madogo mengi bodi na mifupa ni kitu kimoja, na ukiona malengelenge ya kutu chini ya mlango umeshaona mwanzo wa ugonjwa wenyewe. Hapa mifupa imejitenga na ngozi. Mifupa ni miwili: chesisi, yale mabomba mawili marefu ya mraba yanayobeba kila kitu, na kiambaza cha mbele, ule ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva. Bawaba za milango, kioo cha mbele, pedali, usukani, vyote vimeshikwa na kiambaza. Hivyo viwili vikiwa vizima, lililobaki ni kununua na kufunga. Vikiwa vimeoza, unanunua gari jipya kwa jina la gari la zamani.

Basi nikatandika turubai nikaingia chini.

Nilianza nyuma. Kuna boriti ya chuma inayokatiza mwisho wa chesisi, ndipo hook ya kuvutia inapofungwa. Kwa macho ilikuwa na rangi nyeusi na uvimbe kidogo. Niligonga mbele kwanza, katikati ya gari, nipate sauti ya chuma kizima: ngo, ngo. Nikarudi kwenye boriti nikagonga kwa nguvu ile ile. Sauti ikawa pa, kama unapiga boksi la karatasi lililolowa. Nikaweka ncha ya bisibisi nikasukuma kwa kiganja tu. Ikazama hadi kwenye mpini. Nilipoichomoa, maganda ya kutu yalimiminika kifuani, meusi na mekundu, yamepangana tabaka kama kurasa za kitabu kilichoingiwa na maji. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana chesisi ya mraba iliyooza ndani inavimba nje, na mtu asiyejua huona imenenepa akadhani ni imara.

Kijana alichuchumaa pembeni, kimya. Nikamwambia, "Usikate tamaa bado, tuendelee."

Kutoka boriti ya nyuma hadi mbele kidogo ya mshikio wa springi za nyuma, hali ilikuwa ile ile. Mshikio wa kushoto niliusukuma kwa kidole gumba ukacheza. Hapo ndipo uzito wote wa mzigo unapokaa, na ukikatika gari liko mwendoni, ekseli ya nyuma inarudi upande mmoja na gari linaacha barabara. Nilimuita kijana aingie chini aone mwenyewe, kwa sababu jambo kama hili mtu asipoliona kwa macho yake atatafuta fundi mwingine wa kumwambia linawezekana kwa kiraka.

Kwa nini nyuma? Jibu lilitoka kwa mama. Kwa miaka mingi marehemu alipeleka samaki Tanga na Muheza. Makasha yalijaa samaki na barafu, na barafu ikiyeyuka safari nzima, maji ya chumvi yalipita kwenye viungo vya sanduku la nyuma yakatiririka moja kwa moja juu ya chesisi. Barabara ya Pangani wakati huo ilikuwa ya vumbi. Vumbi liliingia ndani ya mabomba ya chesisi, likalowa, likakaa humo kama udongo wa chungu usiokauka. Chesisi ile ilioza kutoka ndani. Ukiongeza upepo wa bahari na miaka 11 ya kusimama, ungeshangaa kama isingeoza.

Kwenye sanduku lenyewe, pale alumini inapokutana na vyuma vya kushikilia sakafu, nilikuta unga mweupe. Watu huudhani ni chumvi. Ni alumini inayoliwa: metali mbili tofauti zikigusana na kuloweshwa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolipa. Nilikwangua kwa ukucha, unga ukatoka na tundu la ukubwa wa shilingi mia likabaki. Hilo halikunitisha. Sakafu hubadilishwa.

Kilichobadilisha hesabu kilikuwa mbele. Kuanzia chini ya giaboksi hadi bampa, chesisi ilikuwa imefunikwa na tope zito la oili. Injini ilikuwa ikivuja tangu enzi za uhai wa marehemu, giaboksi nayo ikivuja, na upepo wa mwendo uliipaka ile oili nyuma na kando. Mama alisema waliwahi kugombana kwa ajili ya madoa ya oili uani. Nilikwangua tope hilo kwa bisibisi, likatoka kama nta, na chini yake nikakuta chuma cheusi, safi, na sehemu nyingine bado kina rangi ya kiwandani. Nikagonga. Ngo. Nikagonga kulia, kushoto, kwenye washikio wa springi za mbele. Ngo tupu. Nusu ya mbele ya chesisi ilikuwa nzima kabisa.

Namba ya chesisi nayo iko huko huko mbele, imegongwa karibu na mshikio wa springi upande wa kulia. Niliisafisha kwa petroli na msasa, nikaisoma, nikalinganisha na kadi ya gari. Zililingana herufi kwa herufi. Shikilia jambo hili, tutalirudia.

Hali ya kiambaza ilikuwa katikati: si kizima kama chesisi ya mbele, wala hakikuoza kama ya nyuma. Majani ya mkungu yalikuwa yameingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo, yakaoza humo, yakawa mboji. Pale dereva anapoweka miguu kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na nguzo ya mlango wa kushoto ilikuwa imekwisha kama kiganja kimoja kutoka chini. Sehemu ya juu ilikuwa nzima. Kazi hiyo naiweza.

Nilimaliza kwa futi. Nilipima mshazari, kutoka boliti ya springi ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Tofauti ilikuwa milimita 6. Kwa chesisi iliyooza nyuma hilo linasameheka, lakini lilinionyesha kuwa upande wa kushoto umeanza kulala, na kwamba kubandika bati juu ya bati kungeifunga ile hitilafu humo milele.

Injini sikuipa muda mwingi siku hiyo. Ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, na ni injini yenye subira. Ilikuwa imeganda. Tuliimiminia mchanganyiko wa dizeli na oili kwenye matundu ya plagi, tukaiacha siku nne, kisha fundi injini mwenzangu akaizungusha kwa mkono taratibu hadi ikaachia. Akapima mgandamizo: silinda ya kwanza paundi 118 kwa inchi ya mraba, ya pili 115, ya tatu 70, ya nne 120. Akaongeza kijiko cha oili kwenye ya tatu akapima tena, ikabaki pale pale. Ingekuwa ringi, oili ingeziba na namba ingepanda. Kwa hiyo ni valvu. Valvu ni kazi ya hedi, haiui gari.

Hesabu

Sikumpa mama bei siku ile. Nilimwomba wiki moja, nikatafuta bei za kweli za vitu vya kweli, kwa sababu bei ya kukadiria kwa mdomo ndiyo inayoacha magari nusu-nusu kwenye gereji zetu.

Njia ya shemeji ilikuwa wazi. Mnunuzi wa chuma chakavu alishataja milioni 1.2 kwa gari zima. Nilimwambia mama kwamba hata kama wataamua kuuza, wasiuze kwa kilo: injini, giaboksi, ekseli mbili na zile bodi za alumini, zikiuzwa moja moja kwa wenye Land Rover, zingefika kama milioni 3.5.

Njia ya kijana, alivyoifikiria mwenyewe, ilikuwa viraka: kupiga bati la geji 16 juu ya sehemu zilizooza, kuweka puti, kupiga rangi, kuendesha. Mtu fulani alishamwambia milioni 4 zinatosha. Hiyo niliikataa mbele ya familia nzima na sikuilegeza kauli. Bati jipya ukilichomelea kwenye chuma kilichobaki ganda, moto unakula ganda na kiungo kinashika hewa. Puti kwenye chesisi ni uongo uliopakwa rangi. Gari la kubeba wageni halifanyiwi hivyo, na mimi sichomelei kazi ambayo siwezi kumpandisha mwanangu.

Njia ya tatu ni chesisi mpya nzima kutoka Uingereza, zile zilizochovywa zinki zisishike kutu. Ni nzuri sana. Lakini bei yake, ukiweka meli na ushuru, ingemeza fedha karibu zote, na hapo ndipo suala la namba ya chesisi linakuwa kesi: namba ya zamani imebaki kwenye chuma unachokitupa, na inabidi uanze safari ya kueleza TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, gari hili ni lipi.

Ile nusu ya mbele iliyookolewa na oili ndiyo iliyofungua njia ya nne. Magari yaliyoishi bara, mbali na chumvi, hufa kwa ajali zaidi kuliko kwa kutu. Nilipiga simu Moshi na Arusha kwa mafundi ninaofahamiana nao, nikiulizia 109 iliyogonga uso. Siku ya tatu likapatikana Moshi: mbele limekunjamana, nyuma chesisi imenyooka na kavu. Nusu ya nyuma ya lile, nusu ya mbele ya hili. Namba inabaki mahali pake, kwenye chuma kile kile ilichogongwa mwaka 1978.

Hesabu ikawa hivi. Nusu ya chesisi pamoja na usafiri, milioni 2.4. Kukata, kuunga na kutengeneza kiambaza, vifaa na ufundi, 2.9. Hedi, kabureta na rejeta, 1.35. Breki zote upya, 0.85, hapa hakuna kuokoa kitu. Matairi matano 1.75. Nyaya na betri 0.6. Tangi, viti na vidogo vidogo 0.65. Rangi 1.2. Jumla milioni 11.7. Juu yake nikaongeza theluthi, 3.9, kwa yale ambayo yataonekana tu baada ya kufungua, na katika gari lililolala pwani miaka 11 hayakosekani. Milioni 15.6.

Kijana naye nilimpa kazi: aulize bei ya 109 linalotembea, lililotunzwa bara. Alirudi na bei kati ya milioni 14 na 18.

Kwa maneno mengine, kwa fedha tupu njia mbili zilikuwa sawa. Gari la kununua lingekuwa tayari mwezi huu. La marehemu lingechukua miezi saba au minane, na lingekula petroli lita moja kwa kilomita 5 au 6, kama hilo jingine. Nilimwambia mama hivyo hivyo, bila kumvuta upande wowote. Faida ya kufufua ilikuwa moja inayohesabika: wangejua kila kipande kilichomo ndani, na chesisi hawataihofia tena. Nyingine ilikuwa haihesabiki, na hiyo ilikuwa yao.

Shemeji aliuliza swali zuri kuliko wote: "Gari lenyewe ni la nani?" Kadi ilikuwa bado kwa jina la marehemu na hakuna aliyekwenda mahakamani. Hapo nikaweka spana chini. Nimeshaona gari likitengenezwa kwa fedha za mmoja, likitoka gereji, ndugu wanne wakalidai. Nikawaambia nisingekata hata milimita moja kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa na familia haijakubaliana gari linakwenda kwa nani. Walikwenda Mahakama ya Mwanzo, mama akateuliwa, wakaandika makubaliano. Shemeji alisaini. Hofu yao nyingine, kwamba lile gari limelimbikiza ada ya mwaka muda wote lilipolala, nayo ilipungua: ada ile ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Hata hivyo kijana alitumwa TRA kuthibitisha rekodi ya gari kabla shilingi haijatoka.

Uamuzi

Walichagua kufufua, kwa sharti nililolitoa mimi: tunakwenda kwa hatua, na mwisho wa kila hatua pana mlango wa kutokea. Hatua ya kwanza ni chesisi na kiambaza, milioni 5.3. Kabla ya kuchomelea kiungo, nusu mbili zinalazwa pamoja, zinabanwa, zinapimwa. Zikikataa kunyooka, tunasimama, nusu ya Moshi inauzwa tena, injini na ekseli zinauzwa, na hasara inabaki ndogo. Hakuna rangi, hakuna viti, hakuna redio kabla chesisi haijanyooka. Kijana alitaka kuanza na matairi ili gari lipendeze. Mama akamwambia, "Mwanangu, msikilize fundi."

Tulitoa sanduku la nyuma na viti, tukailaza chesisi juu ya boriti mbili za chuma zilizopimwa kwa timazi ya maji. Kabla ya kugusa kiambaza nilichomelea vyuma vya kukishikilia kati ya nguzo za milango, maana ukikata chini bila kufunga, juu kunakaa vibaya na milango haitafunga tena. Mahali pa kuunga nilipachagua nyuma ya giaboksi, penye bomba lililonyooka, mbali na washikio wa springi. Nilikata kwa mshazari, si wima, ili kiungo kiwe kirefu, na ndani ya kila bomba nikaingiza sahani za chuma cha milimita 3 zinazopita pande zote mbili. Nikabana, nikapima. Milimita 9 tofauti. Tukalegeza, tukasogeza upande wa kushoto, tukabana tena. Kazi hiyo ilituchukua siku mbili, kijana akiwa ameshika ncha ya futi muda wote. Jioni ya siku ya pili ikasoma milimita 2. Nikachomelea vipande vifupi vifupi, nikiruka upande hadi upande ili joto lisivute chuma, na baada ya kila mzunguko tukapima tena.

Hatua ya kwanza ilitugharimu milioni 5.9 badala ya 5.3, kwa sababu nguzo ya mlango wa kulia nayo, tulipoondoa rangi, ilikuwa imeanza. Ndani ya mabomba tumemimina oili nzito iliyochanganywa na nta, na chini ya boriti ya nyuma nimetoboa matundu ya kutolea maji. Hedi imerudi na valvu mpya. Fedha za rangi hazijapatikana, kwa hiyo gari linatembea na rangi ya msingi tu, oksaidi nyekundu, na mama ameshasema likipakwa lazima liwe kijani kile kile.

Wiki iliyopita nilipita Pangani kukagua viungo. Mkungu umekatwa matawi. Pale lilipokuwa linalala kijana amemwaga zege lenye mteremko, na ukutani amefunga bomba la maji yasiyo na chumvi lenye mpira mrefu wa kufika hadi chini ya ekseli ya nyuma.